Muulize Fundi wa Mabomba: Tuba kuukuu na miili ya waliozipuliza

Kwa faida ya wageni wa ukurasa huu, narudia: mimi ni fundi wa mabomba ya muziki. Ya sinki na choo siyajui, na jirani aliyenigongea saa saba usiku jiko lake likiwa limejaa maji hajanisamehe mpaka leo. Kazi yangu ni kunyoosha, kulehemu na kuziba matundu ya tarumbeta, tromboni na tuba, ile ala ya shaba kubwa kuliko zote, yenye sauti nzito ya chini. Kabla magoti hayajanigomea nilikuwa napuliza tuba mwenyewe, kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea.

Toleo lililopita nilitupia mistari minne kuhusu tuba za zamani na wapigaji wa okestra waliozitumia. Nilidhani najazia ukurasa tu. Barua zilizokuja zimenitoa jasho.

*

*Shikamoo mzee. Napuliza tuba, nina miaka ishirini na miwili. Kila nikiwauliza wakubwa wangu ni tuba gani yenye sauti bora kuliko zote, wananijibu "York ya Chicago". Sasa nimeona tuba kuukuu inauzwa, imechorwa jina la York kwenye mdomo wake. Muuzaji anasema ni ndugu wa ile ile. Bei yake ni akiba yangu yote. Ninunue?*
*— Mwenye Akiba Moja*

Marahaba, mwanangu. Funga kwanza mkoba, nikusimulie.

Ile York ya Chicago haikutengenezwa kwa ajili ya Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Leopold Stokowski alikuwa akiongoza Okestra ya Philadelphia, na alitaka besi itakayoibeba okestra nzima jinsi mabomba makubwa ya kinanda cha kanisani yanavyowabeba waimbaji. Kampuni ya York, iliyokuwa Grand Rapids, Michigan, ikatengeneza tuba mbili kubwa za C (herufi hutaja noti ya msingi ya ala): vali nne za pistoni za kubonyeza, ya tano ya kuzunguka (vali huongezea hewa njia, sauti ikashuka), tumbo pana, na mdomo wa juu ambao mtoto mdogo angeweza kulala ndani yake. Wapuliza tuba huziita za "sita kwa nne". Usidhani hicho ni kipimo cha rula. Ni lugha ya mtaani ya wapigaji, maana yake ni kubwa kupita kubwa ya kawaida.

Mpuliza tuba wa Philadelphia wakati huo aliitwa Philip Donatelli. Hapa ndipo hadithi inaponipendeza, maana inageuka kuwa ya fundi, si ya mwanamuziki tena. Donatelli alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na tuba ile, kwa jinsi bomba lake la kupulizia lilivyopinda, haikumkaa. Fikiria: ala imeagizwa kwa ajili ya mojawapo ya okestra kubwa za Marekani, imetengenezwa na mafundi hodari, halafu mwenyewe anakaa nayo kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Akaamua kuiuza.

Aliyeinunua ni kijana aliyekuwa akisoma kwake katika Taasisi ya Curtis, shule ya muziki ya Philadelphia, Arnold Jacobs, aliyeingia pale mwaka 1930 akiwa na miaka 15. Bei ilikuwa dola 175, naye akalipa dola 5 kwa wiki. Piga hesabu: wiki 35. Kila ukijiona mnyonge kwa ajili ya akiba yako, zikumbuke hizo wiki 35.

Jacobs akaondoka nayo. Alipita okestra ya Indianapolis, akapita Pittsburgh chini ya kiongozi Fritz Reiner, na mwaka 1944 akaingia Okestra ya Simfoni ya Chicago. Akakaa pale hadi 1988. Miaka 44 kwenye kiti kimoja! Mimi sijawahi kudumu hivyo hata na miwani. York ya pili nayo ilikuwa imetangatanga mpaka Chuo Kikuu cha Oklahoma kabla haijaangukia mikononi mwake. Hatimaye okestra ikazinunua zote mbili, na Gene Pokorny aliporithi kiti mwaka 1989 akazirithi pamoja nacho.

Sasa swali lako hasa: sauti ni ya tuba au ni ya mtu? Watengenezaji nao walijiuliza hilo, wakajibu kwa kupima. Hirsbrunner wa Uswisi aliipima York ile, akatengeneza nakala. Yamaha wa Japani nao wakafanya hivyo hivyo. Nakala ni nzuri, nimezifungua na kuzifunga, na ukinipa moja sitakurudishia. Lakini wapigaji wawili wakikalia nakala moja, zinatoka sauti mbili.

Jacobs mwenyewe alikuwa akifundisha kwa maneno mawili, wimbo na pumzi. Wimbo ukiwa tayari kichwani, pumzi ikitiririka bila kubanwa, chuma kitafuata. Waliomwendea walikuwa hata wapiga tarumbeta, tromboni na ala nyingine za kupuliza, si wa tuba peke yao. Na usimdhanie kuwa jitu lenye mapafu kama mvukuto wa mhunzi. Alikuwa na pumu, na uwezo wa mapafu yake ulishuka umri ulivyosonga. Aliijua njia ya kila lita ya hewa kwa sababu hakuwa na ya kupoteza.

Kuhusu huyo muuzaji wako. York ilitengeneza ala za bendi kwa miongo mingi: ndogo, za kati, kubwa, za B flati, za E flati, za wanafunzi wa shule na za watu wazima. Baadaye jina lenyewe likahamia mikononi mwa wengine, likagongwa kwenye ala ambazo hata Grand Rapids hazikupita. Kwa hiyo neno York kwenye mdomo wa tuba halina uzito zaidi ya jina la ukoo. Wapo wengi wa ukoo mmoja na mchawi akiwamo. Zile mbili zipo Chicago, hazina ndugu anayeuzwa kwa akiba ya kijana.

Ila usiidharau kabla ya kuijaribu. Vuta kidogo bomba la kila vali, lisichomoke, bila kuibonyeza vali yenyewe, hesabu hadi kumi, kisha bonyeza. Ukisikia "po!" kama kifuniko cha chupa, vali bado inabana hewa. Ukisikia kimya, huenda pistoni imelika, na kuipaka madini upya kutakula nusu ya akiba nyingine ambayo bado hujaiweka. Halafu omba kuipuliza nusu saa, taratibu, ukiwa na kipimo cha sauti mezani. Muuzaji akikuambia ana haraka, na wewe uwe na haraka ya kuondoka.

*

*Mzee, sousafoni nayo ni tuba? Tumebishana hadi chai imepoa.*
*— Wabishi Watatu*

Ni tuba iliyovaliwa begani. Ya kwanza ilitengenezwa na J. W. Pepper mwaka 1893 kwa ajili ya bendi ya John Philip Sousa, na mdomo wake ulitazama juu, mvua ikinyesha inaingia moja kwa moja. Pasheni chai.

*

*Ndugu Fundi, nakuheshimu, lakini umetudanganya. Uliandika kwamba wimbo wa gari la ng'ombe katika "Picha za Maonyesho" ni wa tuba. Juzi nimesikiliza okestra ikiupiga, na mpuliza tuba akaiweka tuba yake sakafuni, akachukua yufoniamu, ile ndugu yake mdogo. Nani mwongo, wewe au yeye?*
*— Msikilizaji Makini*

Mwongo hayupo, Ndugu Msikilizaji. Aliyepotea ni tuba mwenyewe.

Mussorgsky, mtunzi Mrusi, aliiandika kazi ile kwa piano mwaka 1874. Maurice Ravel akaigawia okestra mwaka 1922, kwa ombi la kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky. Kipande unachokisema kinaitwa Bydło, neno la Kipolandi lenye maana ya ng'ombe, na Ravel aliukabidhi wimbo wake kwa tuba. Shida ni kwamba unapanda hadi G shapu iliyo juu ya C ya katikati ya piano. Mpe mtu mwenye tuba kubwa ya C wimbo huo, utamwona anavyobadilika rangi. Wapo wanaouweza, na wapo wanaoupiga vizuri sana, lakini ni sawa na kumwambia mwimbaji wa besi aimbe sehemu ya mkewe.

Ravel hakuwa mkatili. Alikuwa Mfaransa, akaandika kwa tuba aliyokuwa akiisikia Paris. Tuba ya Kifaransa ya enzi zile ilikuwa ya C, lakini C ya juu, toni moja juu ya yufoniamu, yenye vali sita ili iweze kuteremka mpaka kwenye besi. Unaweza kuipakata kama mtoto mchanga. Okestra za Ufaransa ziliishikilia hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha tuba kubwa zikaingia na ile ndogo ikapanda kabatini. Kwa hiyo mpigaji wako alipochukua yufoniamu alikuwa akiikaribia sauti ya Ravel kuliko kama angejikaza na lile pipa lake.

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu. Watu wanaongea kana kwamba tuba ilianza kubwa na ndogo ni za wasio na pumzi. Kinyume chake! Tuba ya kwanza kabisa ilipata hataza Berlin tarehe 12 Septemba 1835. Wenye hataza walikuwa Wilhelm Wieprecht, aliyekuwa mkuu wa bendi za kijeshi, na fundi Johann Gottfried Moritz. Ilikuwa ya F, na ilikuwa na vali tano. Kabla yake okestra zilitegemea ofikleide, bomba lenye vifuniko vya kubonyeza mithili ya saksafoni, na kabla ya hiyo serpenti, ule mbao uliopindapinda kama nyoka. Berlioz, mtunzi Mfaransa, aliandikia hizo mbili kabla hajaikuta tuba Ujerumani na kuipenda.

Vienna nao walikuwa na yao ya F, vali sita zilizogawiwa mikono miwili. Waingereza walikuwa na F ya Besson yenye vali tano, ambayo wapigaji waliipa jina la Harry Barlow wa okestra ya Hallé, Manchester. Mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams alipoandika koncheto ya tuba (kazi ambamo tuba inatangulia na okestra inaisindikiza), iliyopigwa mara ya kwanza London tarehe 13 Juni 1954, Philip Catelinet akipuliza na John Barbirolli akiongoza Okestra ya Simfoni ya London, sikio lake lilikuwa limelelewa na tuba za namna hiyo: nyepesi, zenye wepesi wa kuruka, karibu na sauti ya mtu anayeimba.

Kwa hiyo mtu akipiga Berlioz kwa tuba ya sita kwa nne, mimi nasikia shuka la kitanda kikubwa limetandikwa kitanda cha mtoto. Linafunika, ndiyo. Linafunika hata visivyotakiwa kufunikwa. Najua wapo watakaonirushia mawe kwa hili, na wengine ni wateja wangu.

*

*Fundi, nimepata tuba ya fedha ya karne iliyopita, nzuri kama pete ya harusi. Nikipiga peke yangu hainidai kitu. Nikiingia kwenye kundi, wote wananigeukia. Midomo yangu ina tatizo gani?*
*— Aliyegeukiwa*

Midomo yako haina neno. Karibu chamani, mimi ni mwanachama wa siku nyingi.

Nilipokuwa kijana nilinunua tuba ya E flati iliyopakwa fedha, imechorwa maua mpaka kwenye makalio. Sikuuliza swali hata moja. Siku ya mazoezi ya kwanza mpiga obo akatoa A, noti ambayo okestra nzima hurekebishia ala zake, nikapuliza, nikadhani yeye amekosea. Kiongozi wa okestra akasimamisha kazi, akanitazama, akasema taratibu, "Baba, vuta." Nikavuta bomba la kurekebishia. "Vuta tena." Nikavuta. Mara ya tatu likachomoka lote likabaki mkononi mwangu, na bado nilikuwa juu.

Tuba yangu ilitengenezwa kwa sauti ya juu ya zamani. Leo A ya okestra ni mitetemo 440 kwa sekunde. Lakini bendi za shaba za Uingereza zilibaki kwenye mitetemo 452 hivi mpaka katikati ya miaka ya 1960, na Marekani nako ala nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa kwa sauti ya juu. Tofauti ya 452 na 440 ni karibu nusu ya nusu toni. Sikio linaitambua kama unavyotambua maziwa yaliyolala.

Tafuta herufi karibu na vali. LP ni sauti ya chini, ndiyo unayoitaka. HP ni ya juu. Kama hakuna herufi, hesabu itakusaidia. Tuba ya E flati ina bomba la mita 4 hivi. Kuishusha kutoka 452 hadi 440 unahitaji kuongeza sentimita 11 za njia ya hewa. Kwa kuwa bomba la kurekebishia lina miguu miwili, ni sentimita tano na nusu kila mguu. Na usiishie hapo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama: kila vali nayo ina bomba lake, nalo lazima lirefushwe kwa uwiano ule ule. Bomba la vali ya kwanza, lenye sentimita 49 hivi, linataka sentimita moja na kitu. Usipoligusa, noti zisizo na vali zitakuwa sawa na zenye vali zitabaki juu, na watu wataendelea kukugeukia, ila sasa kwa zamu.

Kazi inawezekana, nimeifanya kwenye ile ya maua. Ilinichukua wiki nne na marafiki wawili.

*

*Mzee wangu, tuba yangu ya Kiingereza ina vibomba vidogo vya ziada nyuma ya vali, na havifanyi kitu. Rafiki yangu anasema nivikate ipungue uzito.*
*— Mbebaji*

Mwambie rafiki yako akate vyake.

Vibomba hivyo ni vya kufidia, ubunifu wa David Blaikley wa kampuni ya Boosey, mwaka 1874. Chukua tuba ya E flati tena, mita 4. Vali ya nne inaongeza mita 1.34 kushusha sauti. Sasa njia imekuwa mita 5.34, na vali ya kwanza, ambayo bomba lake lilikatwa kwa ajili ya mita 4, imekuwa fupi kwa sentimita 16 hivi. Bila msaada, noti hiyo itatoka juu. Blaikley alichofanya ni kuirudisha hewa ya vali ya nne ipite mara ya pili ndani ya zile vali nyingine, ikiokota vile vibomba njiani. Unasema havifanyi kitu kwa sababu vinafanya kazi pale tu vali ya nne inapobonyezwa.

Wamarekani waliacha hesabu hiyo kwa mkono wa kushoto: wanavuta bomba la vali ya kwanza huku wanapiga, juu chini, kama mtu anayekamua ng'ombe. Njia zote mbili zinafika. John Fletcher alikaa Okestra ya Simfoni ya London tangu 1968 hadi kifo chake 1987, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya na E flati ya Besson yenye vibomba kama hivyo vyako, katikati ya wenzake wengi waliokuwa wakikimbilia tuba kubwa za C. Tafuta rekodi zake. Halafu weka msumeno chini.

*

*Fundi, baba yangu alikuwa mpuliza tuba wa okestra. Ametutoka mwaka jana. Tuba yake imekuwa ya kahawia, imefifia. Nataka kuisugua ing'ae kabla ya kuiuza, au pengine nisiiuze. Sijaamua. Nitumie dawa gani?*
*— Binti wa Mwenye Tuba*

Pole sana, binti yangu. Usitumie dawa yoyote bado.

Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, basi. Rangi ya kahawia haiidhuru tuba. Mashine ya kung'arishia ndiyo inayoidhuru, kwa sababu inakula chuma chenyewe na kufuta michoro na namba. Namba hizo ni kadi yake ya kuzaliwa. Mara nyingi utazikuta kwenye vali ya pili. Zinakili. Kisha iangalie kwenye mwanga wa dirisha, hasa bomba la kupulizia. Ukiona vidoa vya waridi kama upele, hapo zinki imetoka kwenye mchanganyiko na kuiacha shaba nyekundu peke yake. Vikiwa juujuu, sawa. Vikiwa vinatokea ndani kuja nje, bomba lile lina siku zake, lakini bomba moja hubadilishwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Usitenganishe sanduku, kipulizio na karatasi. Tazama kama kipulizio kimeandikwa Helleberg. Hilo ni jina la August Helleberg, aliyepuliza kwa Sousa na kwenye okestra za New York, na umbo lake bado linatengenezwa. Wanunuzi hulitafuta.

Halafu, kabla hujaamua, pitisha kiganja pale ambapo vanishi imetoka. Si uchakavu wa bahati mbaya. Ni mahali mkono wa kushoto wa baba yako uliposhika, jasho la miaka yote. Mimi huzikuta tuba za watu na kujua kama mwenyewe alikuwa mrefu au mfupi kabla sijamwona. Weka mkono wako hapo. Kama utaiuza, itauzwa hivyo hivyo ilivyo na bei haitashuka.

*

*Shikamoo babu. Nina miaka kumi na sita, mimi ni msichana na ni mfupi. Mwalimu ana tuba moja tu, ile kubwa, nakala ya York. Naipenda mpaka naiota. Wavulana wanasema tuba inataka mwili. Nikiipakata, kipulizio kinanifika kwenye pua.*
*— Wa Puani*

Marahaba mjukuu wangu. Nimeiweka barua yako mwisho makusudi.

Unaikumbuka Philadelphia, ile okestra iliyotengenezewa York? Mwaka 2006 ilifanya usaili wa kiti cha tuba. Aliyeshinda ni Carol Jantsch, msichana wa miaka 20, bado yuko chuoni, Chuo Kikuu cha Michigan. Akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika okestra kubwa ya Marekani. Wakisema tena habari ya mwili, waambie wakamweleze yeye.

Sasa tuishughulikie pua. Kosa utakalolifanya, kama wote, ni kujinyoosha shingo uifuate tuba. Shingo ikinyooka, koo linabana na pumzi inakatika, na wavulana watapata la kusema. Tuba ndiyo ije kwako. Kalia kiti cha mbao kisicho na mto, miguu yote miwili sakafuni, mgongo wima, macho mbele. Mtu akupime kwa futi ya kushonea, kutoka ubao wa kiti hadi mdomo wako wa chini. Kisha pima tuba, kutoka kitako chake hadi kipulizio. Kipimo cha tuba kikizidi chako, isikae juu ya kiti. Iteremshe kati ya magoti, juu ya kigoda kilicho chini ya usawa wa kiti kwa tofauti hiyo hiyo. Ukijaribu hivyo na bado ikagoma, nitumie namba zote mbili, na mwombe mwalimu wako ruhusa. Bomba la kupulizia huyeyushwa risasi yake, likashushwa vidole vitatu, likalehemiwa upya. Ni kazi ya asubuhi moja. Donatelli angefanyiwa hiyo, huenda leo York zote mbili zingekuwa bado Philadelphia.